Marejeo ni ngamani: miaka mitatu na boti yetu ya Mikindani

Godoro ndilo tulilolishonesha kwanza. Likafuata pazia, kisha jiko dogo la gesi, redio ya muziki, na taa za kupendeza kuzunguka chumba cha mbele. Boti ilikuwa imelala Mikindani, mkoani Mtwara, futi 26, ya faiba, ina vitanda viwili na mashine ya dizeli ya silinda 3 chini ya sakafu. Aliyetuuzia alitukabidhi funguo, karatasi, na daftari moja lililowahi kulowa maji ya chumvi likakauka. Daftari lile tuliliweka kwenye droo ya vijiko. Miezi miwili ikapita hatujalifungua.

Mimi na mume wangu ni watu wa Newala. Anayeijua Newala anajua habari ya maji kule juu: utotoni mwangu ndoo ilifuatwa bondeni na kupandishwa kichwani, na maji ya kunawia hayakumwagwa kabla hayajafua kitu. Bahari tuliiona tukiwa wakubwa. Yeye alifundisha sekondari, mimi nilikuwa muuguzi, na tulipostaafu tulihamia Mikindani tukiwa na hamu moja tu: kutoka alfajiri, kulala usiku mmoja Msimbati au Sudi, kupika samaki tulivyotaka, kurudi. Hakuna kati yetu aliyewahi kushika usukani.

Safari yetu ya kwanza ya kutoka nje ya ghuba ilikuwa Januari, kaskazi inavuma. Tulikuwa tunaelekea Msimbati, rasi ya Msangamkuu ikiwa mkono wa kulia, na mawimbi yalikuwa ya kawaida kabisa kwa msimu ule. Kengele ya mashine ikalia. Mume wangu alidhani ni betri. Mimi nikatazama sindano ya joto, ilikuwa imefika mwisho. Mashine imechemsha. Tukaizima, na ule ukimya uliofuata sijausahau, kwa sababu ndani yake nilianza kusikia kitu ambacho mngurumo ulikuwa umekifunika: maji yakivunjika mwambani. Kaskazi ilikuwa inatusukuma huko huko.

Tulitupa nanga. Kamba ikaisha kabla nanga haijashika vizuri, tukaunganisha na kamba ya kufungia gatini, na hapo ndipo ikashika. Wavuvi waliokuwa wanarudi na mashua yao walitukuta, wakatufunga kamba omo, yaani mbele, wakatukokota hadi Mikindani. Njiani kijana mmoja akaniuliza kwa sauti kutoka chombo chao, "Mama, kwani ilikuwa inakojoa?"

Sikumwelewa. Alikuwa anauliza kama yalikuwa yanatoka maji nyuma, kwenye eksozi. Mashine ya boti haina rejeta yenye feni kama gari. Huvuta maji ya bahari kupitia tundu lililo chini ya boti, yakapita kwenye koki, kisha kwenye chujio, pampu ikayasukuma yazunguke na kubeba joto, halafu yakatoka nyuma pamoja na moshi. Yasipotoka nyuma, joto limebaki ndani. Mimi nimekaa wodini miaka mingi. Mgonjwa akitoka chumba cha upasuaji, swali tunalolirudia usiku kucha ni hilo hilo: amekojoa? Kiasi gani? Rangi gani? Nililijua swali lile kuliko mtu yeyote pale pwani, na kwenye boti yangu mwenyewe sikuliuliza.

Fundi alipofungua alikuta kipande cha mfuko wa nailoni kimeziba tundu la chini. Pampu ilikuwa imezunguka kavu, na impela, kile kigurudumu cha mpira chenye mabawa 6 kinachosukuma maji, kilikuwa kimebaki na mabawa 2. Nikafurahi kuona kosa limepatikana. Fundi hakufurahi. Akasema mabawa manne yaliyokatika yamekwenda mahali, na kabla hatujayapata yote hatuweki impela mpya. Tulitafuta mchana mzima. Matatu yalikuwa kwenye kona ya bomba. La nne lilikuwa limeingia kwenye mdomo wa kipoza joto, dogo kama ukucha. Lingebaki pale, mashine ingechemsha tena wiki ile ile, nasi tungelaumu impela mpya.

Kubadilisha impela sasa nafanya mwenyewe. Ni skrubu chache, gasketi ya karatasi, na kupaka sabuni ya maji ili mpira usianze kavu. Tunaibadilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima, kwa sababu mpira hukauka na kupinda, na mbili za akiba ziko ndani ya boti siku zote. Na kila mashine inapowaka, kabla sijagusa kamba yoyote, naenda tezi, yaani nyuma, kuangalia maji.

Kuna nahodha mzee pale Mikindani aliyeendesha majahazi ujanani mwake. Jioni ile ya kukokotwa alikuja, akapokea shikamoo zetu, akazunguka boti bila kusema kitu. Aliona mapazia. Aliona taa. Kisha akasema, "Wanangu, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Hebu fungueni ngama niione."

Mithali ile nilikuwa nikiisikia tangu shuleni, na siku zote ilielezwa kwa mambo ya watu: utazunguka kote, mwisho utarudi kwenye asili yako. Sikuwahi kufikiria kwamba kabla haijawa mithali ilikuwa habari ya kweli ya chombo. Ngama ni kile kitako cha ndani, chini kabisa, ambako kila tone linalovuja kutoka popote hukimbilia. Tezi ikivuja, maji yanakuja ngamani. Omo ikivuja, ngamani. Mafuta yakidondoka, oili ikichuruzika, ngamani. Ukitaka kujua hali ya chombo, huna haja ya kuanza kwingine.

Tulinyanyua mbao za sakafu kwa mara ya kwanza tangu tuinunue. Maji meusi yenye mafuta juu yalikuwa yamefika kiwango cha kiganja. Pampu ya kuyatoa ilikuwepo, lakini ilikuwa imefungwa kwa nyaya za umeme wa nyumbani, na tulipochubua waya tukakuta shaba imegeuka unga wa kijani urefu wote. Nyaya za chomboni zinatakiwa ziwe za nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, maana chumvi hupenya ndani ya ganda la plastiki na kutembea. Koki ya maji ya mashine haikuzunguka kabisa; bomba lake lingepasuka, tusingekuwa na njia ya kuyazuia maji. Na bomba lenyewe lilishikwa na klipu moja iliyoliwa na kutu upande wa chini, upande usioonekana. Upande wa juu iling'aa. Nahodha aliigusa kwa kidole tu, ikakatika.

Usiku ule mimi na mume wangu hatukulala upesi. Tulihesabu fedha tulizotumia kwa godoro, pazia, taa na redio, tukaweka pembeni bei ya klipu mbili za chuma kisichoshika kutu. Tokea hapo tumenunua kwa kufuata mpangilio mwingine: kwanza kinachozuia maji yasiingie, halafu kinachoiwasha mashine na kuiweka hai, halafu kinachotusimamisha mahali, halafu kinachotuitia msaada. Raha inakuja ikibaki chenji. Klipu ziko mbili mbili kwenye kila bomba lililo chini ya mstari wa maji. Kila koki tunaifunga na kuifungua mara moja kwa wiki ili isigande, na pembeni yake tumefunga kwa kamba kizibo cha mti laini kilichochongwa kama karoti. Koki ikivunjika, kizibo kiko pale pale, hukitafuti gizani.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni kuisimamisha boti mchangani. Boti yetu ina mkuku mnene, ule uti wa chini wa chombo, na Mikindani hatuna haja ya kuinuliwa na mtambo wowote, kwa kuwa bahari yenyewe inafanya kazi hiyo. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa kwetu inazidi mita 3, na jambo zuri la pwani hii ni kwamba siku za bamvua maji hujaa alfajiri kwenye saa 10 na kukauka saa 4 au 5 asubuhi. Unaisogeza boti giza likiwapo bado, unaifunga kwenye nguzo, na jua likichomoza chombo kinaanza kuketi. Una saa tano au sita za kufanya kazi mchana kweupe, na alasiri maji yanakuja kukuchukua.

Nahodha alituonya tusichague siku ya kilele cha bamvua. Tupande siku moja au mbili kabla, maji yakiwa bado yanakua, maana ukipanda kwenye maji makubwa kuliko yote na yanayofuata yakawa mafupi kidogo, utabaki mchangani hadi bamvua lijalo, karibu wiki mbili.

Jirani zetu wenye mashua za mbao nao walikuwa wamezipandisha siku zile. Wao hukoka moto wa makuti chini ya tumbo la chombo kuua wadudu wanaotoboa mbao, halafu hupaka deheni ya chokaa na mafuta. Kijana mmoja kwa ukarimu akaja na mwenge wake kutusaidia. Tulimshukuru haraka, kwa kuwa faiba haivumilii moto. Sisi tulikwangua majani na vikombe vidogo vigumu vilivyogandamana, kwa chuma kisicho na makali, kisha tukapaka rangi ya chini yenye shaba inayowafukuza viumbe. Kukwangua kule kulituongezea karibu noti moja ya mwendo, yaani maili moja ya bahari kwa saa, kwa mashine ile ile na mafuta yale yale.

Na pale tulifanya kosa ambalo lilitugharimu. Kwenye shafti, kile chuma kirefu kinachozungusha propela, kulikuwa na kipande cha madini ya kijivu kimefungwa kwa bolti, kibaya wa sura, kimeliwaliwa. Mume wangu alikipiga rangi vizuri ili kifanane na vingine. Kile ni zinki. Kazi yake ni kuliwa. Metali mbili tofauti zikiwa ndani ya maji ya chumvi hutengeneza umeme mdogo kati yao, kama betri, na ile iliyo dhaifu zaidi inayeyuka polepole. Zinki huwekwa iwe ndiyo dhaifu, iliwe yenyewe ili propela na shafti zibaki. Ukiipaka rangi umeifunga mdomo. Bamvua chache baadaye tulikuta propela imeanza kuwa na madoa ya waridi, dalili kwamba shaba yake inapoteza zinki iliyochanganywa ndani. Sasa zinki haipakwi chochote, na ikifika nusu tunaweka mpya.

Habari ya mafuta nitaisema kwa kifupi, ingawa ilitutesa. Tulikuwa tunanunua dizeli kwenye madumu na kumimina moja kwa moja. Karibu na Sudi mashine ikaanza kukohoa, ikazima. Kwenye kikombe cha chujio kulikuwa na maji chini na dizeli juu, na katikati utando mweusi kama ute. Vijidudu huishi pale maji na dizeli vinapokutana, hula mafuta, na uchafu wao huziba chujio. Maji yenyewe huingia kwa dumu chafu, au kwa mvuke unaoganda ndani ya tangi lisilojaa usiku wa baridi. Tulibadilisha chujio tukiwa tunayumba, lakini mashine ilikuwa imevuta hewa, na dizeli ikivuta hewa haiwaki mpaka uitoe: unalegeza skrubu ya juu ya chujio, unapampu kwa kidole gumba hadi povu liishe yatoke mafuta matupu, unakaza. Ilituchukua saa moja na nusu. Nyumbani nimeifanya tena mara nyingi, macho yamefumbwa, kwa makusudi, hadi dakika kumi. Madumu yetu sasa yanalala siku nzima kabla ya kumiminwa, tunaacha kidole cha mwisho cha chini, na tunapitisha kwenye faneli yenye chujio. Tangi linalala limejaa.

Kiasi cha mafuta ni somo jingine, na hapa bahari ya Mtwara ina jambo lake. Mkondo mkubwa unaovuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki hugonga Afrika karibu na latitudo yetu, ukagawanyika: tawi moja linashuka kwenda Msumbiji, jingine linapanda kupita Lindi na Kilwa hadi Kenya. Sisi tunaishi karibu na njia panda hiyo. Kwenda Lindi, maili za bahari kama 35, unabebwa. Kurudi, unapanda mlima usiouona, na msimu wa kusi upepo nao unakupinga na mkondo unazidi nguvu. Mara ya kwanza tulifika Lindi kwa saa tano na robo, tukajipongeza, tukahesabu mafuta ya kurudi kwa saa hizo hizo. Tulirudi kwa saa nane. Tuliingia Mikindani na mafuta ambayo sitaki kuyataja kiasi chake. Tangu siku ile tunagawa tangi mara tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi.

Betri: tulikuwa na moja, ikiwasha taa, redio, feni na mashine. Asubuhi moja Msimbati mashine ikatoa mlio mmoja na kunyamaza. Gari utalishtua kwa kulisukuma; boti hakuna. Sasa ziko mbili, moja haijui kitu kingine isipokuwa kuwasha mashine, na nyingine ya matumizi inachajiwa na sola. Kila jioni napima: volti 12.7 imejaa, na ikikaribia 12.2 nazima kila kitu, kwa sababu betri ya asidi ikishushwa chini ya nusu mara kwa mara inakufa mapema.

Kuhusu nanga mimi na mume wangu tuligombana, na nasema wazi nilikuwa upande wa haki. Yeye alitaka GPS yenye skrini kubwa. Mimi nilitaka mnyororo. Nilikuwa nimekumbuka mwamba wa Msangamkuu, kamba ikiisha mkononi mwangu. Nanga haishiki kwa uzito wake tu; inashika kwa kuvutwa kwa ulalo, na ulalo unatoka kwenye urefu wa kamba na uzito wa mnyororo unaolala chini. Watu hupima kina walichokikuta. Ukitia nanga maji yamekupwa kwenye mita 3, usiku yatakuwa mita 6 na zaidi, na kamba uliyoiona ndefu inasimama wima. Sisi tunachukua kina cha maji kujaa, tunaongeza urefu wa omo hadi majini, tunazidisha mara tano. Upepo ukiwa mkali, mara saba. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tunatafuta mchanga kwanza, kwa maana nanga juu ya matumbawe inavunja kilichochukua miaka kukua, na hata hivyo haishiki vizuri. Mita 20 za mnyororo tulizinunua kabla ya skrini. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokuwa kinakaribia pwani na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, tulitia nanga mbili ndani kabisa ya ghuba, tukatoa kamba yote. Asubuhi boti ilikuwa pale pale. Mume wangu aliuosha ule mnyororo kwa maji yasiyo na chumvi, kipande kwa kipande, bila kuambiwa.

Redio ya VHF, ya kuzungumza na vyombo vingine na kuitia msaada, tuliinunua baada ya hapo, na maboya ya kuvaa yenye mkanda wa kupita katikati ya miguu, kwani lisilo na mkanda huo humtoka mtu kichwani akiwa majini. Tunayavaa tukitoka nje ya mdomo wa ghuba, hata shwari. Chaneli 16 ya redio, ile ya wito wa hatari, inabaki wazi muda wote.

Lile daftari tulilifungua mwishowe, kurasa zimegandana. Mwenye boti wa kwanza alikuwa ameandika kila kitu kwa saa za mashine: oili kila saa 100, impela, zinki, hata idadi ya matone yanayodondoka pale shafti inapotokea nje. Inatakiwa idondoke kidogo mashine ikizunguka, ndiyo inavyopoa. Ikikauka kabisa inaungua. Ukurasa mmoja, saa 890, ameandika: "Klipu ya bomba la bahari, upande wa chini, badilisha karibuni." Ilikuwa klipu ile ile aliyoikata nahodha kwa kidole.

Nimeendeleza daftari lile lile. Mwezi wa kumi, kusi ikilegea, tunataka kwenda Kilwa Masoko, mbali kuliko tulivyowahi. Imebaki kazi moja: bomba la mafuta nyuma ya tangi, lile lisilofikika bila kutoa kitanda. Jana nimelala kifudifudi na tochi, nikalipapasa upande wa chini. Lina ufa mwembamba. Nimeuandika, na kesho godoro linatoka.